Utupa na Samaki wa Shemeji Jairo

Lupepo, Jumapili, 5 Februari 1995

Mimi Ambindwile wa Nkunga, niliyesoma mpaka darasa la nne na ningefika mbali kama mwalimu asingeona aibu kufundisha mtu anayejua kuliko yeye, leo naanza kuandika shajara. Neno hilo nimelipata kwa shemeji yangu Jairo, mume wa dada yangu Elina. Ndiye aliyenipa hii kauntabuku. Alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja huko Mbeya. Kiwanda kikauzwa, mwenye nacho mpya akaja na watu wake, wa zamani wakaambiwa asanteni. Jairo akarudi Lupepo na kiinua mgongo na kauntabuku tupu. Kiinua mgongo akanunulia ng'ombe wa maziwa, akamwita Pensheni.

"Andika, Shemeji," ameniambia leo. "Yale unayotaka kutusimulia jioni, yaandike. Labda tutapumua."

Ni mgonjwa anayesema hivyo. Tumbo limemvimba, macho yamekuwa ya manjano, miguu haitaki mlima. Elina ameniita nije nikate majani ya ng'ombe. Nimekuja kwa wiki mbili tu. Mke wangu alishakwenda kwao zamani, kwa hiyo kule Nkunga hakuna wa kunikumbuka isipokuwa kuku.

Nikiri kwamba huyu Jairo sijawahi kumpenda sana. Mtu wa kimya mno. Ukimsimulia jinsi ulivyomkaba chatu kule Ngosi, anakusikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza, "Na chatu alisemaje?"

Jumanne, 7 Februari

Mvua. Nimekata majani. Hapa Lupepo hakuna anayekata majani kama mimi.

Jumamosi, 11 Februari

Leo nimeelewa huyu mtu anaishi kwa ajili ya nini. Ana bwawa.

Alilichimba mwenyewe katikati ya migomba mwaka jana, kabla ugonjwa haujamkamata vizuri. Watu wakamcheka. Jirani yake Amoni aliniambia kwa mdomo wake kwamba walisema mtu wa kiwandani amechanganyikiwa, anachimba kaburi la tembo. Jairo akanyamaza, akachimba, akatia maji kwa mfereji, akaleta vifaranga vya perege kwenye ndoo. Banda la Pensheni lipo juu kidogo, na kutoka bandani amechimba kijifereji cha saruji, mkojo na samadi vinatelemka vyenyewe mpaka bwawani. Maji yanakuwa ya kijani, na ule ukijani ndio chakula cha samaki.

Kila siku saa nne Lusungu, binti yao, anampelekea kiti pale ukingoni. Jairo anakata majani ya magimbi vipande vipande, anarusha na pumba. Samaki wanakuja juu, maji yanachemka kama ugali. Hapo ndipo utamwona Jairo anacheka.

"Pasaka," akaniambia. "Pasaka nafungua bwawa. Kila aliyenicheka atakula. Nitawaita kwa majina."

"Na ukishindwa kuamka siku hiyo?"

Sijui kwa nini nilisema vile. Mdomo wangu una haraka. Akarusha majani mengine.

"Basi nitawaita kwa sauti ndogo," akasema.

Ijumaa, 17 Februari

Mvua ya mawe. Migomba mitatu imelala. Jairo ametapika. Elina hakula.

Jumatatu, 20 Februari

Kupe. Pensheni amejaa kupe masikioni na chini ya mkia mpaka ukimpapasa unadhani umeshika punje za mahindi. Ana mimba, na maziwa ndiyo kitu pekee kinachokaa tumboni mwa Jairo. Akipata ndigana, ile homa ya kupe, tumekwisha wote.

Nimempeleka kwenye josho la kijiji. Josho limekauka, vyura wamehamia. Nikamfuata bwana mifugo, Fulgence, kijana mstaarabu kutoka Bukoba.

"Mzee wangu, dawa ya josho ilikuwa ya serikali," akasema. "Sasa ni soko huria. Dawa ipo madukani, pale Tukuyu mjini. Kila mfugaji anajinunulia."

"Na asiye nacho?"

"Kwa huyo tunasubiri Dodoma waseme."

Nikacheka kwa nguvu ili ajue hajanitisha. Nikamwambia, kijana, unaongea na mtu aliyeujua utupa kabla baba yako hajaoa. Zamani mimi na wenzangu tuliutwanga tukautia kwenye mto Mbaka, samaki wakalewa kuanzia darajani mpaka Kyela, watu wa Kyela wakadhani ni mwisho wa dunia, kiboko mmoja alipiga miayo hadi jua likazama. Dawa inayomlaza kiboko itashindwa na kupe?

Fulgence akasema kwamba kweli utupa unaua kupe, amesoma, ila kiboko hakumsoma popote.

Jumanne, 21 Februari

Nimekwenda mpaka kwenye mipaina ya Kiwira. Utupa bora hauoti shambani kwenye udongo mweusi. Unaota wenyewe pale msituni, kwenye kichanga kilichomwagwa na volkano, chini ya mipaina ambako hata nyasi hazipendi. Ukiukata leo, mwakani umechipua palepale, haufi. Una majani kama ya mbaazi, maua yake meupe mengine zambarau, maganda yake yana manyoya kama sikio la ndama. Mzuri kabisa kuutazama. Nilikaa pale nikapumzika na kujisifu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunibishia.

Nimeutwanga kwenye kinu kibovu, nikaloweka, nikachuja. Elina akasimama mlangoni.

"Kaka, hiyo dawa usiitumie karibu na bwawa la mume wangu."

"Unamfundisha nani utupa?"

"Nakufundisha wewe. Mshushe ng'ombe kule chini ya migomba, kupita bwawa, maji yatelemkie makorongoni."

Nikamshusha. Nikamwogesha kuanzia pembe mpaka kwato.

Alhamisi, 23 Februari

Kupe wamekauka. Wanadondoka wenyewe. Nilijua.

Jumapili, 5 Machi

Baada ya ibada watu wamenizunguka pale nje ya kanisa kuliko walivyomzunguka mchungaji. Amoni analeta ng'ombe wake wawili kesho. Wengine wanne wametaka siku. Wameanza kuniita Daktari. Nimewakataza, lakini si sana.

Nimemweleza Jairo. Akasema, "Daktari, nipapase na mimi, labda ni kupe." Tukacheka wote. Alipocheka akashika ubavu, akaendelea kucheka huku machozi yanamtoka, sikujua ni ya nini.

Jumatano, 8 Machi

Tumempeleka Jairo hospitali. Lusungu alibaki na ng'ombe. Elina aliingia na mumewe, mimi nikabaki kwenye benchi nikimsimulia muuguzi habari za Kopabeti, kule kwenye migodi ya shaba ya Zambia, jinsi nilivyobeba mwamba peke yangu ukaangukia upande wa pili wa mgodi. Muuguzi akawa anacheka. Elina akatoka. Akakaa kando yangu, akaniwekea mkono kinywani, mkono wake mzima, mbele ya watu. 

"Ini limekwisha," akasema. "Wanasema tukae naye nyumbani."

"Mpaka lini?"

"Hawakusema. Yeye ndiye aliyeuliza. Aliuliza kama atafika Pasaka."

"Wakamjibu nini?"

"Daktari alitazama dirishani."

Njiani kurudi Jairo alituambia tusimame pale sokoni Tukuyu. Akanunua kamba ya nailoni. Ya kushonea wavu, alisema, ule wavu wa zamani una matundu makubwa, perege watapita. Muuza duka akauliza, "Mzee, mnavua wapi huku milimani?" Jairo akamwambia, "Njoo Pasaka Lupepo, uulize kwa Jairo." Akamwelekeza na njia.

Alhamisi, 9 Machi

Mvua kutwa. Jairo anashona wavu.

Jumamosi, 11 Machi

Anashona. Vidole vimevimba, Lusungu anamtungia kamba kwenye sindano. Wiki mbili zangu zimekwisha tangu zamani. Hakuna aliyeniuliza nitaondoka lini na mimi sijasema.

Ijumaa, 17 Machi

Mvua. Ng'ombe sita wa watu leo, wote chini ya migomba. Mikono yangu imekuwa ya kijani. Jairo hakushona.

Jumatano, 22 Machi

Hawezi tena kwenda bwawani. Tumegeuza kitanda ili atazame dirishani. Anaona kipande cha maji kidogo tu, kama kitambaa cha mezani. Saa nne Lusungu anakwenda kurusha majani, baba yake anamwelekeza kwa sauti ambayo haifiki. Mimi nasimama katikati napeleka maneno.

"Mwambie arushe upande wa mfereji, wale wakubwa wanakaa kule."

"Lusungu, upande wa mfereji."

"Wamekuja?"

"Wamekuja?"

"Wamekuja, mjomba."

"Wamekuja, Shemeji. Mmoja amenikonyeza."

Kwa siku zote nilizokaa hapa, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya vizuri. Sijisifu. Nasema tu.

Jumamosi, 1 Aprili

Mvua haijakatika tangu Alhamisi. Mteremko wa kwenda chini ya migomba umekuwa utelezi mtupu, na Pensheni yuko karibu kuzaa, akianguka tutapoteza wawili. Lakini kupe wamerudi, mvua inawazalisha. Nimeogesha hapahapa bandani. Mara hii nimeuweka mkali, mara mbili ya siku zote, maana Amoni alisema jana kilabuni kwamba dawa yangu imeanza kulegea. Nilitaka kesho apite baada ya ibada aone mwenyewe. Ndoo iliyobaki nikaimwaga sakafuni kuosha banda. Limetakata kama hospitali.

Jumapili, 2 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Lusungu alikuja bila kukimbia. Angekimbia ningejua mapema. Alikuja akitembea, akasimama mbele yangu pale jikoni nikiota moto, akasema, "Mjomba, samaki wamelala."

Nikasema samaki hawalali. Halafu nikasimama, kwa sababu miguu yangu ilishajua. Ile sakafu. Kile kijifereji cha saruji alichokichimba Jairo mwenyewe, kinachotoka bandani.

Bwawa lilikuwa jeupe. Wote tumbo juu. Wachache walikuwa bado wanapanua midomo juu ya maji wakitafuta pumzi, mikia inatikisika kidogo, halafu na wao wakageuka. Wakubwa kama kiganja cha mtu mzima. Sikujua kama walikuwa wengi hivyo. Ni mimi niliyekuwa nawasimulia watu habari za mto Mbaka. Mimi, katika Lupepo nzima, ndiye mtu ambaye hawezi kusema hakujua.

Amoni alifika na mkewe wakipita kwenda kanisani, na nyuma yao watu wengine wa njia hiyo. Wakasimama. Amoni akachota maji, akanusa.

"Huu ni utupa," akasema. "Nani ametia utupa humu?"

 Hawakuwa na haja ya jibu. Kila mmoja pale alishaleta ng'ombe wake kwangu. Wakanitazama. Elina akatoka ndani na kitenge kichwani, akatazama maji, akatazama banda, akanitazama mimi. Nimetazamwa na askari wa Wazungu nikiwa kijana, lakini haikuwa hivi. Nilifungua mdomo. Mimi Ambindwile, nikakosa neno.

Ndipo tukasikia dirisha linagongwa kutoka ndani.

"Nileteni," Jairo akasema.

Tulimbeba kwenye kiti, mimi na Amoni. Alikuwa mwepesi, tumbo tu ndilo lililokuwa na uzito. Tukamweka ukingoni mahali pake. Akatazama muda mrefu.  Nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti.

"Amoni," akasema, "unauliza nani?"

"Nauliza nani katia utupa, ndugu yangu."

"Mimi. Nilimtuma Shemeji."

Elina akageuza kichwa.

"Jana mchana nilimwita," Jairo akaendelea, taratibu, anapumua kati ya maneno. "Nikamwambia, Shemeji, Pasaka ni mbali. Wavu sijaumaliza na sitaumaliza. Nitilie ule utupa wako, kesho watu wakienda kanisani wapitie hapa. Akakataa. Huyu mnayemwona, na maneno yake yote, alikataa. Alipiga magoti. Akasema, Jairo, usinitume kazi hiyo. Nikamlazimisha. Nikamwambia mwenye bwawa ni mimi."

Mke wa Amoni akajifuta macho kwa khanga.

"Sasa mmesimama nini? Samaki wa utupa hamjawahi kula? Toeni matumbo, osheni, kaangeni. Amoni, wewe uliyesema ni kaburi la tembo, ingia wewe wa kwanza."

Amoni akavua viatu vya ibada, akakunja suruali, akaingia. Halafu wote. Akina mama walileta vikapu na mabeseni, nguo za kanisani zikaloa. Kengele ililia, hakuna aliyesogea. Jairo akawa anaita kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo: fulani, chukua na wa mama yako mzee, fulani, ongeza, una watoto. Kila aliyeitwa alikuja mbele ya kiti, akapiga magoti kidogo, akashukuru, "Ndaga fijo," akaondoka na samaki wake.

Mimi nilishika mgongo wa kiti mpaka mwisho.

Jumatatu, 3 Aprili

Elina alichemsha mmoja kwa ndimu. Jairo alikunywa mchuzi vijiko viwili. Akasema una ladha ya matope, na kwamba ni mtamu.

Jumatano, 5 Aprili

Leo tulikuwa wawili tu. Elina alikwenda kuchuma chai ya watu, Lusungu alikuwa kisimani. Jairo alikuwa amefumba macho. Nikamwambia, "Shemeji, unajua mimi ndiye."

"Najua. Niliisikia ndoo. Kile kijifereji kinapita chini ya dirisha langu."

"Ulisikia ile Jumamosi?"

"Nilisikia maji, nikanusa. Nikaita. Elina alikuwa jikoni anapika, sauti haikufika."

Sikuweza kukaa. Nikasimama. Nilikuwa bandani nikiimba, nakumbuka. Nilikuwa naimba kwa nguvu.

"Kwa nini ulisema vile mbele ya watu?"

Akafikiri. "Elina atahitaji mtu wa kukata majani. Angekufukuza siku ileile."

"Ni hilo tu?"

"Na nilitaka kusimulia moja. Miezi miwili nasikiliza za kwako." Akafumbua jicho moja. "Ile ya kupiga magoti, niliitia palepale. Ilikaa vizuri?"

Nikasema ilikaa vizuri sana.

"Mimi ningeongeza radi," nikasema.

"Ndiyo maana hawakuamini wewe," akasema, akalala.

Ijumaa, 7 Aprili

Mvua. Hajala.

Jumamosi, 8 Aprili

Mvua. Nimekaa naye. Hakuniomba hadithi na sikuwa nayo.

Jumatatu, 10 Aprili

Jairo amefariki leo saa nne asubuhi.

Jumatano, 12 Aprili

Tumezika jana. Watu walikuja kutoka Nkunga, Tukuyu, hata Mbeya wawili wa kiwandani. Matarumbeta ya kanisa yalipiga kwenye mvua mpaka maji yakawa yanatoka na sauti. Fulgence alikuja na koti, akachimba na vijana, udongo ulikuwa mzito. Wanawake wamelala ndani juu ya majani ya migomba pamoja na Elina, wanaume tumekaa nje kwenye moto.

Kote ninakopita ni habari moja. Aliona siku zake, akawaita watu kabla. Mchungaji ameiweka kwenye mahubiri. Mzee mmoja wa Tukuyu asiyemjua Jairo kabisa amenisimulia mimi, akaniambia yule shemeji yake alipiga magoti akilia. Nikamuuliza, "Shemeji yake ni nani?" Akasema hajui, ila ni mtu mwenye huruma.

Nilikwenda nyuma ya banda nikakaa kwenye majani ya Pensheni.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Waombolezaji wameanza kuondoka. Leo Elina alikuja bandani nikimkamua Pensheni, aliyezaa wiki hii. Amenyoa kichwa. Akasimama akashika pembe ya ng'ombe.

"Kaka. Hakukutuma."

Mkono wangu ukasimama kwenye chuchu.

"Jumamosi ile nilikuwa naye chumbani mchana kutwa, nikatoka jioni tu kupika," akasema. "Ulikuja mara moja, ukamweleza habari za Amoni na kilabu, ukaondoka. Nilikuwepo pale."

"Elina."

"Usiniambie kitu. Nilimuuliza yeye usiku wa Jumapili. Akasema, mke wangu, nimeshalisema mbele ya watu, unataka nife muongo?" Akatazama kile kijifereji. "Wiki moja. Angekaa na samaki wake wiki moja zaidi. Pasaka asingefika, hilo najua. Lakini ile wiki ilikuwa yake."

Akachukua ndoo ya maziwa akaondoka. Maziwa bado hayakuwa mengi.

Jumapili ya Pasaka, 16 Aprili

Mvua imekatika. Mlima Rungwe umetoka wote, sijauona tangu nije.

Asubuhi nilifunga nguo zangu kwenye mfuko. Nilidhani nitasema nakwenda Nkunga kuangalia kuku. Lakini baada ya ibada watu walipita nyumbani, kama ishirini hivi, na yule muuza kamba wa Tukuyu naye akafika, amevaa tai, ameshika kikapu. Hakuwa na habari. Alikuwa ameelekezwa njia na Jairo mwenyewe, akaja. Akauliza, "Ndiyo hapa kwa mzee Jairo wa samaki?"

Watu wakaangalia chini. Lusungu akamletea kiti, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba baba amefariki. Yule mtu akavua kofia, akakaa na kikapu chake kitupu magotini.

"Na samaki?" akauliza, halafu akaona aibu. "Samahani. Nauliza tu."

Amoni akasema, "Daktari, msimulie. Wewe ndiye uliyetumwa."

Wakasogea wote. Sijawahi kuombwa hadithi, mimi huwa najiombea mwenyewe. Elina alikuwa mlangoni na sinia la chai. Nikamtazama nijue kama niseme au nichukue mfuko wangu niondoke. Uso wake haukunipa kitu.

Nikaanza. Sikutia kiboko wala radi. Nikasema bwawa lilivyokuwa, na kiti, na majani ya magimbi. Nikafika Jumamosi. Nikasema, "Mchana aliniita chumbani. Akaniambia, Shemeji..."

Na hapo sauti ikakatika. Nilijaribu tena, ikakatika palepale. Watu wakasubiri. Yule wa Tukuyu akanitazama, akawatazama wengine, kama mtu anayeanza kupata shaka kwamba jambo hili lilitokea.

Elina akaweka sinia chini. Dada yangu huyu, tangu tukiwa wadogo nyumbani Nkunga, hajawahi kuniunga mkono kwenye hadithi yangu hata moja. Kila nilipoanza alikuwa anasema, mama, muongo huyo.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwepo. Niliwasikia wote wawili."